Yule Mdudu wa Kwenye Bakuli

Mgonjwa huketishwa kwenye kigoda na kufunikwa shuka kichwani. Mbele yake kuna kigae chenye makaa, pembeni bakuli la maji. Mganga anatupia mbegu kavu juu ya makaa, mara nyingi za ndulele. Moshi unapanda, mgonjwa anaachama, mate yanamchuruzika na kudondokea bakulini. Baada ya kitambo shuka inaondolewa na waliopo wanaitwa waje kutazama. Juu ya maji vinaelea vitu vyembamba, vyeupe, vimejikunja kidogo. Hao, wanaambiwa, ndio waliokuwa wanalila jino.

Kinachoelea pale ni viini vya mbegu. Mbegu ya ndulele ikipata moto hupasuka ganda, na kiini chake, ambacho kwa umbo ni kidogo na kimepinda, huruka na kuangukia majini. Anayebisha achome mbegu hizo hizo kando ya bakuli la maji pasipo mgonjwa wala jino bovu chumbani. Wadudu watapatikana vilevile.

Imani hii si ya Unyamwezi, huku kwetu Tabora, peke yake, wala ya Afrika peke yake. Watu wa Babeli ya kale walikuwa nayo, na Ulaya iliishi nayo karne nyingi. Mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard, anayehesabiwa kuwa baba wa udaktari wa meno wa kisasa, alichapisha kitabu chake kikubwa, na ndani yake ilimbidi aeleze kwamba amechunguza meno yaliyooza kwa hadubini na hakumwona mdudu huyo. Kwa hiyo mtu wa Nzega au Sikonge asione haya kwa jambo ambalo Paris ilichelewa kuliacha.

Naanza na bakuli hili kwa sababu linaonyesha vizuri jinsi dhana potofu za meno zinavyodumu. Hazidumu kwa ujinga wa watu. Zinadumu kwa sababu mganga ana kitu cha kuonyesha, na tabibu wa meno ana maneno tu: bakteria, asidi, ukoga. Mwenye macho yake ataamini kipi? Basi katika makala haya nitajaribu kila inapowezekana kukupa na wewe kitu cha kuona, ukifanye nyumbani kwako, uache kubishana na bibi kwa maneno matupu.

Tuanze na jinsi jino linavyooza, kwa ufupi. Kila siku juu ya meno hujengeka utando laini unaonata. Huo ndio ukoga, na ndani yake wamo bakteria wasiohesabika. Ukila kitu chenye sukari au wanga, nao wanakula, kisha wanatoa asidi. Asidi hiyo inayeyusha enameli, lile tabaka gumu la nje la jino, kwa muda wa nusu saa hivi, mpaka mate yaisafishe na kuanza kurudisha madini yaliyotoka. Ukila tena kabla ya mate kumaliza kazi yake, saa inaanza upya. Siku nenda rudi enameli inatoboka, na uozo unaingia kwenye dentini, tabaka la ndani lililo laini zaidi. Dentini ni dutu ileile ya pembe za ndovu, maana pembe ya ndovu kwa kweli ni jino lake la mbele la juu. Uozo ukishafika kwenye dentini unakwenda haraka. Unagusa neva, na hapo ndipo usiku mmoja unaamka jino linapwita.

Halafu linatulia. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Neva ikishakufa maumivu hukoma, hata kwa wiki au miezi, wakati chini ya mzizi usaha unajikusanya. Ukimya huo unapewa sifa nyingi: mganga alitoa mdudu, amoksilini ilitibu, ugoro uliopachikwa tunduni ulifanya kazi. Kumbe jino limekufa tu. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: jino lililouma sana kisha likanyamaza lenyewe ni la kupeleka kwa daktari haraka kuliko lile linalouma.

Sasa nije kwenye imani inayoniudhi kuliko zote, maana inawapata wasioweza kusema. Mtoto wa miezi mitano au sita anaharisha, ana homa, analia usiku, anakataa titi. Bibi anamfungua kinywa, anapapasa ufizi pale chonge zitakapoota, anakuta uvimbe mweupe. "Mama, mwanao ana meno ya plastiki," anasema. "Hospitali hawayajui haya. Twende kwa fundi." Wengine huyaita meno ya nailoni. Uganda yanajulikana kwa jina la ebinyo. Fundi anachokonoa ufizi kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa, au kisu, bila ganzi, akitoa vijipande vinne, chonge mbili za juu na mbili za chini. Anaviweka kwenye kiganja cha mama: laini, vyeupe, havifanani na jino lolote ulilowahi kuona. Nani asingeamini?

Vile vijipande ni chonge za utoto zenyewe, changa, kabla hazijakomaa. Kila mtoto mchanga duniani anazo, mzima na mgonjwa. Katika umri huo bado ziko ndani ya ufizi, kwa sababu huota mtoto akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi, ndiyo maana ufizi unatuna na kuonekana mweupe. Watafiti wa meno nchini wamekuwa wakiandika juu ya jambo hili tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na waliyoyaona hayafurahishi: watoto waliovuja damu nyingi, vidonda vilivyooza, na baadaye chonge za ukubwani zilizoota kombo, zenye kasoro, au zisizoota kabisa. Chombo kile kile kinachopita kinywa hadi kinywa kinaweza kubeba virusi vya UKIMWI na homa ya ini. Pepopunda nayo haiko mbali.

Lakini mtoto alipona kuhara! Ndiyo, wengi hupona, kwa sababu kuhara kwingi kwa watoto hukoma kwenyewe baada ya siku chache. Na kwa nini kulianza umri ule ule? Kwa sababu miezi sita ndiyo wakati wa kuanzishiwa uji, wa kutambaa, wa kuokota kila kitu na kukitia mdomoni, na kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mama inapungua wakati huohuo. Meno yamekutana na kuhara njiani tu.

Cha kufanya ni kumpa dawa ya kurudisha maji mwilini, ile ya pakiti ya chumvichumvi iliyopo kila zahanati, pamoja na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma, na kuendelea kumnyonyesha. Akiwa na homa, apimwe malaria siku hiyohiyo. Mkoa wetu haujawahi kuwa na uhaba wa mbu. Macho yakididimia, akilia bila machozi, akilegea au akishindwa kunyonya, usingoje kesho.

Najua pia kwamba mkaza mwana hawezi kumwambia mama mkwe wake kwamba anakosea, tena mbele za watu. Basi usimwambie. Mwombe apapase ufizi wa mtoto wa jirani wa umri uleule, aliyenona na anayecheka. Atakuta uvimbe uleule, mahali palepale. Siku ya kliniki mchukue bibi mwende naye, na umwombe muuguzi afungue vinywa vya watoto wawili watatu waliokuja kupimwa uzito. Nimeona jambo hilo likimaliza ubishi ambao mabango ya wizara hayakuumaliza.

Kwa watoto hao hao kuna dhana nyingine, ya upole lakini yenye hasara: kwamba meno ya utoto hayana haja ya kutunzwa kwa sababu yatang'oka. Yapo 20, na magego ya mwisho kati yake hubaki mpaka mtoto anapofika miaka 10 hadi 12. Hiyo ni shule ya msingi karibu yote akitafunia meno hayo. Gego bovu humnyima kula na kulala, usaha wake unaweza kuharibu jino la ukubwani linalojengeka chini yake, na likitoka mapema majirani zake huegemea pengo, jino jipya likakosa nafasi. Mara moja kwa mwezi inua mdomo wa juu wa mtoto kwa kidole gumba, utazame penye mpaka wa ufizi na jino. Ukiona mstari mweupe kama chaki, huo ni uozo unaoanza. Bado haujatoboa na unaweza kurudishwa nyuma kwa kupiga mswaki wenye dawa ya floridi na kupunguza sukari. Ukishakuwa wa kahawia na kuna tundu, umechelewa kidogo, lakini nenda.

Tuje kwenye sukari, na hapa Tabora lazima tuseme habari za asali. Ukishuka kituo cha reli, ukipita sokoni, huwezi kuikwepa: madumu, chupa za soda zilizotumika, vindoo vyenye masega. Ni fahari yetu, na sitaki ugomvi na wafugaji nyuki wa Sikonge. Ila watu wanasema kwamba asali, kwa kuwa ni ya asili na ni dawa, haiozeshi meno. Inaozesha. Karibu sehemu nne kwa tano za asali ni sukari, na bakteria wa mdomoni hawaulizi sukari imetoka kwa nyuki wa miombo au kwenye shamba la miwa la Kilombero. Tena asali inanata. Kumpaka mtoto asali kwenye ufizi ili alale ni kumwachia bakteria chakula cha usiku kucha, wakati mate yamepungua. Na mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa sababu inaweza kubeba vimelea vya sumu ya botulizimu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvidhibiti.

Habari njema ni kwamba idadi ya mara unazokula utamu ina uzito wake, siyo wingi tu. Mzee anayekaa barazani Ujiji au hapa mjini Isevya, kahawa chungu kwenye kikombe kidogo, kashata mkononi, bao mbele yake, akimega kashata kila baada ya dakika chache asubuhi nzima, anayaumiza meno yake kuliko aliyekula vipande vyote kwa pamoja baada ya chakula cha mchana. Kahawa yenyewe bila sukari haina kosa. Vivyo hivyo chai ya maziwa inayonywewa kidogokidogo kutwa ofisini. Soda ya chupa ya mililita 350 ina takriban vijiko 9 vya chai vya sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ikiwezekana asizidishe vijiko 6 kwa siku nzima. Kama lazima uinywe, inywe na chakula, uimalize. Michembe na matobolwa, viazi vitamu vya kukausha ambavyo sitaviacha mpaka nife, vina kosa moja: vinagandamana kwenye mashimo ya magego. Ukishavila sukutua maji, na usiku usilale kabla ya mswaki.

Mswaki gani? Wa mti au wa dukani? Mzozo huu hauna maana. Mswaki wa mti unaotafunwa ncha ukawa nyuzi unasafisha vizuri ukitumiwa vizuri, na Shirika la Afya Duniani limekwisha kuutambua. Udhaifu wake ni kwamba wengi husugua meno ya mbele yanayoonekana, wakaacha upande wa ndani na magego ya nyuma. Tena hauna floridi ya kutosha, isipokuwa uuchovye kwenye dawa ya meno. Mwezi wa Ramadhani baadhi ya watu huacha mswaki kutwa kwa kuogopa kufungua. Piga vizuri baada ya daku na baada ya futari, hapo hakuna mwenye shaka.

Jambo moja ambalo karibu sote tunalikosea ni maji. Tunapiga mswaki, kisha tunasukutua kwa kikombe kizima mpaka mdomo hauna hata harufu ya dawa. Tumeimwaga floridi yote iliyokuwa ibaki kufanya kazi. Tema povu, usisukutue, au sukutua kwa funda dogo kabisa. Mara mbili kwa siku, dakika mbili, brashi laini. Mtoto wa chini ya miaka mitatu apakiwe dawa ya kiasi cha punje ya mchele, wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere, na mtu mzima awe karibu naye, kwa sababu mtoto wa miaka minne ni hodari wa kula dawa ya meno.

Ukitaka kujua kama unasafisha kweli, tafuna kipande cha bitiruti, zungusha mate mdomoni, sukutua mara moja, kisha simama mbele ya kioo. Palipobaki na wekundu, hasa ukingoni mwa fizi na katikati ya meno, ndipo ulipoacha ukoga. Wachezeshe watoto mchezo huu siku ya Jumapili. Watacheka, na watasugua.

Chumvi je? Njia ya zamani ya msafara kutoka Tabora kwenda Ujiji ilipita Uvinza, kwenye chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu wamezichemsha kupata chumvi kwa zaidi ya miaka elfu moja. Haishangazi kwamba huku magharibi chumvi ni jibu la kila tatizo la kinywa. Na kweli ina kazi: kijiko kidogo cha chai kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, ukisukutua mara kadhaa kwa siku, kinatuliza fizi zilizovimba. Kinasaidia pia kuweka kidonda safi kuanzia siku ya pili baada ya kung'olewa jino, siyo siku ileile, maana utalitoa bonge la damu linaloziba shimo. Lakini kusugulia meno chumvi ya mawe, au mkaa, au mchanga, au majivu, ni kuyapiga msasa. Yanang'aa wiki ya kwanza kwa sababu umekwangua madoa pamoja na enameli. Enameli haioti tena. Baada ya miaka dentini ya manjano inaanza kuonekana kwa chini, na meno uliyoyataka meupe yanazidi kuwa ya rangi ya pembe.

Wanaosugua hivyo mara nyingi ni watu wenye meno ya kahawia tangu utoto, na hawa nawaonea huruma, kwa sababu hawana uchafu wowote. Ukitoka Tabora kuelekea mashariki unaingia Singida, na ukipanda kaskazini unaingia Shinyanga. Hiyo ni mikoa ambayo, kama Arusha na Manyara, ina visima vyenye floridi nyingi kutoka kwenye miamba. Mtoto akiyanywa maji hayo wakati meno yake ya ukubwani yanajengeka ndani ya taya, tangu kuzaliwa hadi miaka minane hivi, yanaota yakiwa na mabaka meupe au kahawia. Doa hilo limo ndani ya jino lenyewe. Hakuna mswaki utakaolitoa, ila daktari anaweza kulifunika. Magadi ya kupikia maharage na mlenda, ya baadhi ya sehemu, nayo yana floridi nyingi.

Wasafiri wa karne ya 19 waliogopa sana nyika ya Marenga Mkali, kati ya Mpwapwa na Ugogo, kwa maji yake machungu. Floridi ni mjanja zaidi, maana haina ladha. Maji matamu kabisa yanaweza kuwa nayo, na kuyachemsha hakusaidii, kunapunguza maji tu na floridi inabaki. Kuna wakati Tanzania iliruhusu hadi miligramu 4 kwa lita, baadaye ikakishusha kiwango hadi 1.5 kama unavyosema mwongozo wa dunia. Huko Ngurdoto, Arusha, wataalamu wa Wizara ya Maji wametumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe kuichuja. Kama kijijini kwenu vijana wengi wana meno ya kahawia, hilo ni jambo la kupeleka kwenye kikao cha kijiji, maji yapimwe. Watoto wadogo wanyweshwe maji ya mvua au ya chanzo kingine.

Hapa wengine huruka na kusema: kumbe floridi ni sumu, basi tuache dawa za meno zenye floridi. Hapana. Kunywa lita za maji yenye floridi nyingi utotoni ni jambo moja, na kupaka kidogo juu ya jino kisha ukatema ni jingine. Mtu mzima ambaye meno yake yameshaota hawezi kupata mabaka hayo tena hata akitaka.

Fizi zikitoka damu, watu huacha kupiga mswaki mahali hapo. Kinachotakiwa ni kinyume chake. Damu ni ishara kwamba ukoga umekaa hapo muda mrefu mpaka ufizi ukavimba. Sugua papo hapo, taratibu, kila siku. Kwa watu wengi damu itapungua ndani ya wiki moja au mbili, nawe utaiona ikipungua kwenye mate yako. Isipopungua, au ukoga umekwisha kugeuka ugaga mgumu kama jiwe, hapo anahitajika tabibu wa kuukwangua. Mama mjamzito ndiye anayeona damu zaidi, kwa sababu ya homoni, na ndiyo asili ya ule msemo kwamba kila mimba inakwenda na jino. Mtoto hachukui kalisi kwenye meno ya mama yake. Kinachoyachukua ni fizi zilizoachwa, kutapika asubuhi, na kula vidogovidogo mara nyingi. Akitapika asukutue maji kwanza, mswaki baada ya nusu saa. Na matibabu ya meno wakati wa ujauzito yanafanyika, mradi daktari aambiwe.

Wavutaji wa sigara, na sisi ni mkoa wa tumbaku, Urambo, Kaliua, Sikonge, wana hatari ya peke yao. Nikotini hubana mishipa ya damu, fizi zao hutoka damu kidogo tu hata zikiwa zimeoza, wakadhani ni wazima. Ugoro unaowekwa kwenye jino bovu haulitibu, ila unausogeza mdomo karibu na saratani. Kidonda cha mdomoni kisichopona wiki mbili, au baka jeupe au jekundu lisilofutika, kikaonwe.

Halafu kuna kauli kwamba meno hung'oka kwa uzee. Mwandishi wa habari Stanley alipomkuta mmisionari na msafiri Livingstone Ujiji, Novemba 1871, aliona jinsi meno yalivyokwisha kumharibika. Mzee huyo alikuwa na miaka 58 tu. Mwenyewe alimwandikia binti yake Agnes kwamba meno yalivunjika na kulegea kwa kutafuna mahindi makavu na vyakula vigumu njiani. Naye alikuwa daktari wa tiba. Kilichomtoa meno ni lishe duni na safari, siyo miaka. Bibi wa miaka 80 mwenye meno yake yote hana muujiza. Hakuachia ugonjwa wa fizi uingie.

Mwanya niuguse kidogo. Wanyamwezi wa zamani walichonga meno mawili ya mbele ya juu kwa upande wa ndani, wasafiri wakaandika kuhusu pengo lile la pembetatu. Leo mwanya bado ni urembo, na wapo wanaowachongea wasichana kwa tupa saluni. Kwa kuwa enameli hairudi, wanaanza kusikia ganzi kwa maji baridi, na baada ya miaka michache kuna tundu mahali pa mwanya. Kama Mungu amekunyima mwanya, tabasamu hivyohivyo.

Limebaki lile la mwisho, ambalo kwangu ndilo mzizi wa mengine: kwamba dawa ya jino ni kung'oa. Wengine kwa upande wa pili wanaogopa kung'oa, wakisema jino la juu likitoka macho yanapofuka. Kuona kunatumia mshipa mwingine kabisa. Kinachoweza kulifikia jicho ni usaha wa jino la juu lililoachwa. Kati ya woga huo na koleo, jino linapita duka la dawa muhimu, linanunuliwa amoksilini na metronidazoli, mwenyewe anatulia, na tundu linabaki palepale. Antibaiotiki haizibi tundu. Karafuu inatuliza kweli, kwa sababu mafuta yake yana dawa ya ganzi ambayo hata madaktari wa meno huitumia, lakini nayo haizibi. Aspirini ya kusaga ukiiweka kwenye ufizi inaunguza nyama, aspirini humezwa. Na uvimbe ukishuka chini ya taya, ukapata shida kumeza, kufungua mdomo au kupumua, hiyo ni dharura ya usiku huohuo, siyo ya dukani.

Watu wengi hung'oa kwa sababu wanadhani kuziba ni jambo la Dar es Salaam, la mashine na umeme na fedha nyingi. Ukweli ni kwamba moja ya njia za kuziba jino zinazotumika leo duniani kote ilianzia Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980 Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianza hapa nchini kusafisha tundu kwa vyombo vya mkono tu, bila mashine ya kutoboa, bila umeme, na mara nyingi bila hata sindano, kisha kulijaza saruji ya meno. Shirika la Afya Duniani likaitangaza njia hiyo Siku ya Afya Duniani ya mwaka 1994, na mwaka 2021 saruji inayotumiwa leo, ile inayong'ang'ania jino na kutoa floridi kidogokidogo, pamoja na dawa ya meno yenye floridi, vikaingizwa kwenye orodha ya dawa muhimu za dunia. Njia hiyo haifai kwa jino lililokwisha kufa au lenye usaha. Inafaa kwa tundu dogo, lile linalosisimka ukinywa maji ya baridi na kuacha dakika ileile.

Kwa hiyo nenda wakati huo. Hospitali ya Kitete wana huduma ya meno, ya Nkinga wanayo, na hospitali ya wilaya yako ulizia siku za kliniki. Nenda asubuhi, umepiga mswaki na kula. Mwambie tabibu jino lilianza lini, linauma kwa moto au baridi, linakuamsha usiku au la, na dawa zote ulizomeza. Na kabla sindano ya ganzi haijachukuliwa, muulize kwa adabu: daktari, jino hili linazibika? Kama atasema halizibiki, mwombe akuonyeshe kwenye kioo ni kwa nini.